Mke Akiugua Saratani ya Titi, Mume Akae Wapi?

(Hotuba kwa wanaume wa Lamu, mwezi wa Oktoba)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mashekhe, ndugu zangu na vijana, nawashukuru kwa kuitikia wito. Huenda baadhi yenu mlipoalikwa mlidhani mmekosewa: mkutano ni wa saratani ya matiti, na walioitwa ni wanaume. Hamkukosewa. Wake zetu na dada zetu wanaambiwa habari hii kliniki, redioni, mpaka kwenye harusi. Sisi hakuna anayetuambia, na mwanamke akishapewa majibu yake, anarudi nyumba ambayo sisi tumo ndani.

Mama watoto wangu alitibiwa saratani ya titi. Leo, alhamdulillahi, yuko nyumbani na kazi zake anafanya. Nimemuomba ruhusa ya kuzungumza na amenipa. Yapo aliyoniambia nisiyaseme, na hayo siyasemi.

Mji wetu una desturi njema sana. Mwanamke akiugua haachwi peke yake. Mama yake atakuja, dada zake, mawifi, mashangazi, mashoga na majirani. Huyu anapika, huyu anafua, huyu amechukua watoto. Desturi hii tuishike. Lakini imemtoa mume nje. Nyumba ikijaa wanawake, yeye hupisha, akaenda barazani. Akiulizwa hali ya mgonjwa atasema, "Hajambo, alhamdulillahi," na hajui usiku mgonjwa amelalaje. Kazi yake imebaki kutoa nauli na pesa za dawa. Nimekuja kuwaambia kwamba ugonjwa huu ni mrefu mno, na una mambo ya ndani mno, kuwaachia wengine, hata wakiwa ndugu wa damu. Mume aingie ndani, akae.

Asije mtu akasema haya ni mageni. Mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624, Waislamu walipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman bin Affan alibaki Madina. Mkewe Bibi Ruqayya, bintiye Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwamuru abaki amuuguze. Fungu lake la ngawira alipewa sawa na waliopigana. Nani kati yetu ana shughuli kubwa kuliko Badr?

Sasa tuanzie kwenye kinundu. Kinundu cha saratani mara nyingi ni kigumu na hakiumi, na kutouma huko ndiko kunakowapoteza watu. Dalili nyingine ni ngozi ya titi kuingia vishimovishimo, chuchu iliyokuwa nje kuzama ndani, damu kutoka kwenye chuchu, uvimbe kwapani. Mume anaweza kuwa wa kwanza kuona. Ukiona, sema siku hiyo hiyo, na mwende pamoja. Hapa Lamu tuna hospitali ya King Fahd. Hapo ataangaliwa na kuelekezwa mbele, Malindi au Mombasa. Atachukuliwa kinyama kidogo kwa sindano, kikapimwe. Majibu hayatasema saratani tu. Yatasema ni ya aina gani: kama inalishwa na homoni, kama ina ile protini inayoitwa HER2. Hayo ndiyo yanayochagua dawa, ndiyo maana jirani yako anaweza kupewa dawa hii na mke wako ile, na wote wakawa wametibiwa sawasawa.

Sina ugomvi na dua wala na kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa, mgonjwa akanywa. Sisi ni watu wa dua. Ninachogombana nacho ni ile miezi inayopita mtu akihamishwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mara ni jicho, mara ni hasadi, na uvimbe unakua. Soma dua ndani ya gari mkielekea hospitali. Na kama kuna mitishamba anakunywa, daktari aambiwe bila kufichwa, kwa sababu iko inayogongana na dawa za saratani na kuchosha ini.

Nunueni daftari. Nalisema hili kwa uzito kuliko mengi nitakayoyasema. Mwanamke akisikia neno saratani, yanayofuata hayasikii tena. Anaona mdomo wa daktari unakwenda tu. Wewe ndiye wa kuandika: jina la dawa, tarehe ya dozi, uzito wa mgonjwa, alitapika lini, homa ilipanda lini, simu ya wodi. Maswali yaandikeni nyumbani usiku wa kuamkia kliniki, maana dakika za daktari ni chache na foleni ni ndefu. Lakini daktari akiuliza "Unajisikiaje?" nyamaza. Tumezoea kuwajibia wake zetu. Maumivu yako mwilini mwake, na anayejua yalipo ni yeye.

Vivyo hivyo kwenye upasuaji. Sahihi ya kukubali ni yake. Mwanamke mtu mzima haamuliwi na mume, wala na ami zake, wala na kikao cha ukoo, kama titi litolewe au lisitolewe. Kazi yako ni kuhakikisha ameelewa anachochagua. Kwa saratani iliyowahiwa, wengine hutolewa uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi, wengine hutolewa titi zima. Tafiti za Marekani na Italia zilizofuata wagonjwa kwa miaka 20, zikachapishwa mwaka 2002, zilionyesha kwamba njia hizi mbili hazipitani katika kuokoa maisha. Lakini mionzi hutolewa kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki tatu, tano au zaidi, na mashine yenyewe haiko kisiwani. Mtu wa Lamu akichagua njia ya mionzi, amechagua pia kulala Mombasa au Nairobi muda wote huo. Hata waliotolewa titi zima, wako wanaohitaji mionzi. Haya yazungumzwe mapema, mkiwa wawili, mlango umefungwa.

Akitoka upasuaji atakuwa na mpira mwembamba ubavuni unaotoa majimaji kwenye chupa. Usiwaachie wengine chupa ile. Wauguzi watakuonyesha: unaosha mikono, unaifungua, unapima mililita, unaandika rangi na kiasi, unaifunga. Kila siku saa ile ile. Mwanzo ni mekundu, yanakuja kuwa ya manjano, yanapungua. Yakishuka kufikia kiasi walichokutajia, mara nyingi mililita 30 kwa siku au chini yake, mpira unatolewa. Mwanamume aliyeshika chupa ile kwa mikono yake amekwisha kuingia ndani ya nyumba, na mkewe anajua.

Na safari ya kurudi. Wenye magari ya bara hawaijui. Mtu ana mshono kifuani, anapita Kilifi, Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, kisha ashuke ngazi za gati aingie chomboni. Bebeni mto mdogo, uwekwe kati ya mkanda wa gari na kifua. Kwenye boti mkalishe nyuma, mbele ndiko kunakorushwa. Mwambieni nahodha kabla hajawasha mashine, aende taratibu. Maji yakiwa yamekupwa ngazi zinateleza. Mshike mkono wa upande usiopasuliwa.

Kisha itakuja siku ya kufungua bandeji. Ndugu zangu, siku hiyo atakuwa anauangalia uso wako kuliko anavyouangalia mshono. Usigeuke pembeni. Usikimbilie kusema "si kitu," kwa sababu ni kitu, ametolewa kiungo. Mimi nilisema, "Umeshonwa vizuri," na nikauliza panauma wapi. Maneno machache yanatosha. Linalobaki ni kwamba uliangalia, na usiku ukalala palepale unapolala siku zote.

Wengi hufuatia dawa za mishipani, ndiyo kemotherapi. Mara nyingi ni kila baada ya wiki tatu, kwa miezi kadhaa. Iko dawa nyekundu ambayo siku moja au mbili baadaye mkojo hutoka mwekundu. Mkijua mapema hamtashtuka. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hupungua sana, kisha hupanda tena kama maji yanavyokupwa na kujaa, na siku hizo za kupwa ndizo za hatari. Nunueni kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, ni hospitali saa hiyo, hata ikiwa saa nane za usiku na bahari imechafuka. Msimpe kwanza dawa ya homa mkangoja asubuhi. Homa itajificha na ugonjwa utaendelea. Kwa hiyo kabla ya dozi ya kwanza, mwenye boti awe ameshaambiwa, namba yake iandikwe kwenye jalada la daftari, na akuahidi kwamba ataamka.

Harufu itakuwa adui. Udi, marashi, samaki akikaangwa, hata sabuni aliyokuwa akiipenda. Udi uzimwe, na wapishi waambiwe kwa upole wakakaange mbali. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko cha moto. Uji mwepesi, dafu, tende, mkate kidogo, kidogo kidogo mara nyingi. Midomo ikitoka vidonda, pilipili na ukwaju viwekwe kando, asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Piko la kukoleza hina nalo lisubiri. Lina kemikali inayochoma hata ngozi nzima, sembuse ya mtu aliye kwenye dawa.

Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu. Nimewasikia watu wakisema, "Si anavaa buibui, nani atamwona?" Wewe utamwona. Na yeye anajiona. Mwanamke wa Lamu anajua nywele zake zilivyosukwa siku ya harusi yake, na sasa anazikuta kwenye mto. Wako wanaopenda kunyolewa mapema kabla hazijatoka zenyewe. Akitaka, mnyoe wewe, polepole, na ukimaliza mfunge leso laini ya pamba.

Mlango wa nyumba ni wako kuulinda. Mwenye mafua asipande juu. Na kila mgeni anakuja na habari ya shangazi yake aliyeugua hivyo hivyo akafariki. Mgonjwa akimnyamazisha mzee ataambiwa hana adabu. Wewe unaweza kusema, "Bibi, njoo tuzungumze huku," na hakuna atakayekulaumu. Ramadhani ikiingia, wewe ndiye wa kumwambia kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, na kwenda kwa shekhe kuuliza habari ya kulipa au fidya, asije akafunga kwa kuona haya mbele ya wifi zake.

Pesa. Nitapita upesi. Tangu 1 Oktoba 2024, kwenye bima ya afya ya serikali, NHIF imeondoka na SHA imeshika mahali pake. Asiye na mshahara anapimiwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Usingoje ugonjwa ndipo ujiandikishe. Nauli, boti na malazi ya Mombasa yatatoka mfukoni, kwa hiyo harambee ya familia ilenge hayo pia. Na usimhesabie mgonjwa. Akisikia kila jioni kwamba dozi ya leo imekula kiwanja, atafika siku aseme inatosha, na wewe utadhani ni uchovu.

Sasa neno zito, na ninalisema mbele ya mashekhe. Mwanamke akitolewa titi, haupiti muda kabla mtu hajaanza kunong'ona kwamba "kijana wetu bado ana nguvu, atafutiwe mwenzake." Sizungumzii kilichohalalishwa na kilichoharamishwa, hayo yana wenyewe. Nazungumzia mwanamke aliyelala na sindano mkononi, anayesikia kwamba anatafutiwa wa kumrithi akiwa hai. Mnong'ono ule hauzimwi na mama wa mgonjwa wala na mashoga zake. Unazimwa na mume, kwa kauli moja, mbele ya mama yake mzazi na dada zake: jambo hili lisitajwe nyumbani kwangu. Na mwanamume anayemrudisha mke mgonjwa kwao "akauguzwe" halafu hafiki, ajue kwamba mji mzima unamwona.

Tuko wanaume peke yetu, basi niseme na la chumbani. Saratani haiambukizi: si kwa sahani, si kwa jasho, si kwa kulala pamoja. Siku chache baada ya kila dozi, dawa bado imo mwilini mwake, kwa hiyo tumieni kondomu. Mimba isiingie wakati wa matibabu, wala wakati wa vidonge vya homoni vinavyofuata, kwa sababu dawa hizo zinamdhuru mtoto tumboni. Na njia za uzazi zenye homoni hazimfai, ulizeni kuhusu nyingine. Hamu inaweza kumtoka kwa muda mrefu, na mwili unaweza kukauka ukamuuma. Usichukulie kwamba hakutaki. Muulize kabla ya kumgusa upande ule. Na usiache kumgusa kabisa, ukidhani unamhurumia. Mkono begani, kichwa mapajani, hayo hayahitaji nguvu, na yakikatika yeye atajua sababu hata ukimficha.

Mpaka hapa nimezungumzia wakati ambao bado kuna watu. Nataka tukae zaidi kwenye wakati ambao watu wameondoka.

Dozi ya mwisho ikiisha, mji husema amepona. Watu humpa mkono, mawifi hurudi makwao, simu hupungua, na kila mtu anangoja kumwona kama alivyokuwa. Naye ndipo uchovu unapomshukia, ule wa kukaa kitandani baada ya kuoga kana kwamba ametoka shamba. Uchovu huo unaweza kudumu miezi. Anasahau mambo, anaingia chumbani hajui alifuata nini. Hedhi inaweza kuwa imekatika kabla ya umri wake, na joto linampanda ghafla ndani ya buibui, katikati ya watu, jasho likamtiririka. Ikiwa saratani yake ilikuwa ya homoni, atapewa vidonge, mara nyingi tamoxifen, kila siku kwa miaka mitano, wengine hadi 10. Miaka, ndugu zangu. Viungo vitamuuma, joto litamchosha, ataona heri aviache. Mkumbushe bila kumgombeza, na yakimzidi mrudi kwa daktari. Dawa inaweza kubadilishwa. Isiachwe kimyakimya.

Na mkono. Wengi hutolewa tezi za kwapani, na kuanzia hapo mkono wa upande ule unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Ndoo ya maji asikimbilie kuibeba. Kupiga pasi, kuparua samaki, kukuna nazi, kila kinachokata na kuchoma, aangalie. Sindano na kupimwa presha, bora mkono wa pili. Ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, ni hospitali siku hiyo. Lakini msimkataze kuutumia, mkono usiotumika unaganda. Mazoezi aliyopewa mke wangu ni haya: anasimama kuuelekea ukuta, anapandisha vidole taratibu mpaka pale panapovuta, anashuka. Nilikuwa nikiweka alama ya penseli pale vilipofika. Mwanzo alama zilikuwa usawa wa bega, na siku nyingine hazikupanda hata upana wa kidole, akalia, tukakaa. Ukuta wa chumba chetu ulipokuja kupakwa chokaa, alisema sehemu ile isiguswe.

Kisha kliniki za kuangaliwa, kila miezi michache miaka ya mwanzo, na picha ya titi lililobaki kila mwaka. Wiki ya kabla ya kliniki halali. Kikohozi kidogo, ameshawaza kwamba imerudi. Ukimwambia "ondoa hofu, mtegemee Mungu," anamtegemea, na hofu bado ipo. Mwambie, "Na mimi naogopa, tutakwenda wote." Toa daftari lile lile, mfungue ukurasa mpya.

Watoto waambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wao, na waambiwe na nyinyi kabla hawajaambiwa mtaani. Mabinti wajue historia ya familia yao, nao waitaje kliniki wakifika umri. Ziko jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiharibika huzidisha hatari, na mtu huweza kuzirithi kwa baba kama kwa mama. Sisi wenyewe tuna matiti: katika kila watu 100 wanaougua saratani hii, karibu mmoja ni mwanamume. Ukiona kinundu chako, usione haya.

Na mume naye atachoka. Mwenye baraza na amwangalie mwenzake. Msimuulize "unahitaji nini?" atasema hahitaji kitu. Nendeni mkamchukulie watoto madrasa. Mwenye chombo amvushe Mokowe bila kumtoza. Mkae naye bila kumpa mawaidha, asipozungumza, nanyi msizungumze.

Muuguzi wetu yuko chumba cha pili, amekubali kubaki mpaka swala ya Isha. Maswali ya dawa na vipimo mpelekeeni yeye. Ya nyumbani nileteeni mimi, na mwenye kuona haya mbele ya watu, nitakuwa hapa nje barazani. Madaftari yako mezani, kila mwenye mgonjwa achukue moja.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.